Nizamu wa Hyderabad: Tajiri wa Tarbushi Moja

Liko jambo moja ambalo halikosi kuzusha mabishano katika mabaraza yetu ya mwambao. Akionekana mtu mwenye maduka na majumba anachagua shati la mtumba katika soko la Kongowea, tena anashindana na muuzaji kwa shilingi kumi, basi jioni yake habari hufika barazani kabla yake mwenyewe. Wako watakaosema kuwa yule ni bakhili, mali imemtawala. Na wako watakaomtetea, waseme kuwa mali haikusanywi kwa kutapanya, na kwamba anayehangaika aonekane anacho mara nyingi ni yule asiyekuwa nacho. Kila upande una hoja zake, na kahawa hupoa watu wangali wakibishana.

Mimi katika mabishano kama hayo humkumbuka mtu mmoja aliyekufa zamani. Simleti hapa leo kwa kuwa alikuwa mwema kupita wenziwe, wala kwa kuwa alikuwa mbaya kupita wote. Namleta kwa sababu pande zote mbili za baraza zaweza kumwita awe shahidi wao, na kila upande ukawa umesema nusu ya kweli. Mtu huyo ni Mir Osman Ali Khan, Nizamu wa saba wa Hyderabad, na wa mwisho kuitawala nchi hiyo. Mwezi wa Februari mwaka 1937 gazeti la Time la Marekani lilitia picha yake katika jalada lake, likamtaja kuwa ndiye tajiri wa matajiri wote duniani. Na mtu huyo huyo alijulikana na raia zake kwa tarbushi moja kuukuu, ambayo yasemekana aliivaa kwa muda wa miaka 35.

HYDERABAD SI MBALI NASI

Kabla hatujaenda mbele, yafaa tuijue nchi yenyewe. Dola ya Hyderabad ilikuwa katika nyanda za Deccan, kusini ya kati ya Bara Hindi. Eneo lake lilikuwa karibu maili mraba 82,000, yaani zaidi ya theluthi moja ya Kenya. Wakati Waingereza walipokuwa wakitawala, nchi za wafalme wa kienyeji huko zilikuwa zaidi ya 500, na katika hizo zote Hyderabad ndiyo iliyokuwa tajiri na yenye watu wengi kuliko nyingine. Ilikuwa na sarafu zake, noti zake, stempu zake na reli yake. Karibu na mji mkuu iko ngome ya Golconda, ambayo jina lake lilivuma duniani kwa ajili ya almasi. Watawala wake walianza kushika nchi mwaka 1724. Walikuwa Waislamu, lakini raia zao wengi walikuwa Wahindu waliosema Kitelugu, Kimarathi na Kikannada.

Nchi hiyo si ngeni kwetu kama mtu anavyoweza kudhani. Washihiri waliotoka Hadhramaut hawakuja Mombasa na Lamu peke yake. Wengine walishika njia ya Hyderabad wakawa askari wa Nizamu, na mtaa wao huko, uitwao Barkas, upo hadi leo. Masultani wa Kiqu'aiti waliotawala Shihr na Mukalla walikuwa majemadari wa Waarabu katika jeshi la Nizamu, na ni mali waliyoipata Hyderabad iliyowapa nguvu ya kushika nchi kwao. Neno hilo la jemadari nasi tunalo, kama tulivyo na rupia na laki. Walikuwako vile vile huko watu wenye asili ya Afrika, Masidi, ambao walikuwa askari wa farasi wa kumlinda mtawala, na mtaa uliobeba jina la kikosi chao ungali upo katika mji huo.

BABA NA MWANA

Osman Ali Khan alizaliwa mwezi wa Aprili 1886. Ili tumfahamu yeye, ni lazima kwanza tumtazame baba yake, Mir Mahbub Ali Khan, Nizamu wa sita. Huyo alikuwa mkono wazi kwa kila namna. Raia walimpenda sana, naye alipenda kuonekana. Husimuliwa kuwa vazi alilolivaa mara moja hakulirudia tena, na katika jumba lake la Purani Haveli lipo hadi leo kabati la mbao la orofa mbili, lenye urefu wa ubavu mzima wa jumba, lililojengwa kwa ajili ya nguo zake peke yake.

Mwaka 1891 mfanyi biashara wa vito aitwaye Alexander Malcolm Jacob alimletea Mahbub almasi kubwa ajabu, ambayo uzito wake ni karati 184.75. Biashara hiyo ilizua ugomvi na kesi, na mtawala mzima akalazimika kutoa ushahidi. Aliona haya, akaona na kisirani, akaichukia ile almasi. Yasemekana aliivingirisha katika kitambaa akaitia ndani ya kiatu, ikakaa humo mpaka akafa. Mwanawe ndiye aliyeikuta. Naye hakuitia katika taji wala katika pete. Aliiweka juu ya meza yake izuie karatasi zisipeperuke.

Katika kisa hicho kimoja msomaji ameshawaona watu wawili. Baba alinunua kisha akatupa kiatuni. Mwana hakununua, lakini alichokikuta alikipa kazi. Nadhani kijana huyo alikua akiyaona mambo ya baba yake, akajiwekea nadhiri moyoni ya kwenda njia nyingine. Watoto wa watu watumiao ovyo mara nyingi huwa hivyo: ama hupita walimopita wazee wao na kuzidi, ama hufunga mkono hata wakapita mpaka.

Jambo la pili lililomlea, kwa rai yangu, ni maji. Mwezi wa Septemba 1908, Osman akiwa na miaka 22, mto Musi upitao katikati ya mji wa Hyderabad ulifurika ukabomoa mitaa mizima. Watu waliokufa wanakisiwa kufika 15,000. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Agosti 1911, baba yake alikufa, naye akakalia kiti akiwa na miaka 25. Mji alioupokea ulikuwa haujapona majeraha ya gharika ile.

BLANKETI LA RUPIA 35

Ama mwenendo wake nyumbani, habari zake ni nyingi, na nyingine bila shaka zimetiwa chumvi. Lakini waliomwona kwa macho yao, wageni na wenyeji, wanaafikiana katika mengi. Alivaa suruali nyeupe ya pamba iliyokunjamana, koti refu la Kihindi lililofifia rangi, na sapatu za bei ndogo miguuni. Soksi, husimuliwa, alizifuma kwa mkono wake mwenyewe. Sigara yake ilikuwa Charminar, sigara ya makuli na madereva, iliyopewa jina la mnara mashuhuri wa mji huo uliojengwa mwaka 1591. Yako majumba makubwa ya nasaba yake, kama Chowmahalla na Falaknuma, yenye taa za vioo na marumaru ya Italia. Yeye hakuyahamia. Alibaki katika nyumba ya King Kothi aliyoingia alipokuwa mtoto.

Na hata jina la nyumba hiyo lina kisa. Nyumba ilijengwa na mtu aitwaye Kamal Khan, ambaye alitia herufi mbili za jina lake, K na K, katika milango na madirisha yote. Nyumba iliponunuliwa, ilionekana si adabu mtawala kukaa chini ya herufi za mtu mwingine. Kung'oa milango yote na kutia mingine ni gharama. Basi, yasemekana, ikatolewa amri kwamba tangu siku hiyo nyumba itaitwa King Kothi, maana yake jumba la mfalme, na zile herufi zikabaki mahali pake. Mimi nikikisikia kisa hiki hucheka, lakini pia humvulia kofia. Ni nani katika sisi angefikiri hivyo?

Lakini kisa kinachosimuliwa zaidi, na ambacho kinagusa moja kwa moja mabishano yetu, ni kile cha blanketi. Husemwa kwamba majira ya baridi yalipoingia, Nizamu alimtuma mtumishi wake sokoni amnunulie blanketi jipya, akamwonya asitoe zaidi ya rupia 25. Mtumishi alizunguka maduka, akarudi mikono mitupu. Blanketi jipya lilikuwa rupia 35. Nizamu akaamua kujifunika lile la zamani kwa mwaka mwingine. Mtu aliyekuwa na mabamba ya dhahabu ndani ya nyumba aliona rupia kumi ni nyingi.

Sasa mweke mtu huyo wa blanketi kando ya huyu mwingine. Mwaka 1947, binti mfalme Elizabeth wa Uingereza alipokuwa akiolewa, Nizamu aliwapelekea habari vinara wa vito wa Cartier huko London kwamba bibi harusi aingie dukani achague apendacho, naye atalipa. Binti akachagua taji na mkufu wa almasi, na mkufu huo aliuvaa hata alipokuwa malkia. Mwenye blanketi na mwenye mkufu ni mtu mmoja.

Wengine husema huo ni wazimu. Mimi naona una hesabu ndani yake. Kwa nafsi yake alikuwa hataki kupunjwa hata rupia moja, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na haja ya kumwonyesha mtu kitu. Nani Hyderabad angemwona Nizamu na blanketi kuukuu akadhani kuwa amefilisika? Maskini akivaa nguo iliyochanika huonewa huruma au huchekwa. Tajiri akivaa nguo hiyo hiyo huwa ni hadithi. Lakini mbele ya Waingereza, ambao ndio waliokuwa na nguvu juu yake, ilimpasa aonekane mfalme, na huko alilipa bila ya kuuliza bei. Wenye mali wengi ndivyo walivyo: hubana pale wanapojua hawatapungukiwa heshima, na hufungua pale ambapo heshima ndiyo inayonunuliwa.

ALIKOTIA MALI

Lau habari zake zingekwisha hapo, angekuwa kichekesho tu, wala nisingechoma wino kwa ajili yake. Lakini tuangalie alikotia mali.

Kwanza alirudi kwa ule mto. Kwa mashauri ya mhandisi mkubwa M. Visvesvaraya, mto Musi na tawimto lake vilizuiwa kwa maboma, yakapatikana maziwa mawili: Osman Sagar, lililokamilika mwaka 1920, na Himayat Sagar, lililokamilika mwaka 1927. Gharika ikapata lijamu, na mji ukapata maji ya kunywa. Kando ya mto likajengwa jumba la mahakama kuu na Hospitali ya Osmania, mojawapo ya hospitali kubwa za umma za zama hizo.

Pili, elimu. Mwaka 1918 alitoa amri ya kuanzishwa Chuo Kikuu cha Osmania, na jambo lililowashangaza Waingereza ni kwamba masomo yote, tangu sheria na hesabu hata udaktari, yalifundishwa kwa Kiurdu. Ili hilo liwezekane iliundwa nyumba maalumu ya tafsiri, ambamo wanazuoni na washairi walilipwa mishahara ya kutafsiri vitabu na kubuni istilahi. Kweli, Kiurdu hakikuwa lugha ya nyumbani ya raia wengi wa nchi hiyo, na hilo lilikuwa na malalamiko yake. Lakini sisi tunaopigania Kiswahili tunajua ni maneno mangapi tumeambiwa kuwa lugha yetu haiwezi. Huko waliweza, miaka mia na zaidi iliyopita, kwa sababu alikuwako mtu aliyekubali kulipia kazi hiyo ngumu isiyoonekana.

Tatu, dini na ustaarabu. Mwingereza aliyesilimu, Marmaduke Pickthall, aliajiriwa Hyderabad mwaka 1925 kuwa mwalimu mkuu wa shule. Alipotaka kuimaliza tafsiri yake ya Kurani kwa Kiingereza, Nizamu alimpa likizo ya miaka miwili kwa mshahara kamili. Tafsiri ikatoka mwaka 1930, na wengi wetu tumeiona katika rafu za misikiti na madrasa. Khalifa wa mwisho wa Waturuki, Abdulmejid wa Pili, alipofukuzwa nchini mwake mwaka 1924 akawa mkimbizi Ufaransa, Nizamu alimtengea pauni 300 kila mwezi. Mwaka 1931 binti wa Khalifa huyo, Durrushehvar, aliozwa kwa mwana mkubwa wa Nizamu huko Nice.

Wala hakuwatazama Waislamu peke yao. Alitoa fedha kwa chuo kikuu cha Wahindu cha Banaras kama alivyotoa kwa kile cha Waislamu cha Aligarh. Alisaidia wanazuoni wa Pune waliokuwa wakihariri Mahabharata, kitabu kitukufu cha Wahindu. Mapango ya Ajanta, yenye picha za kale za Wabuddha, yalikuwa ndani ya nchi yake. Mwaka 1920 serikali yake iliwaleta mafundi kutoka Italia wazihifadhi picha hizo zisianguke. Mtu akiyaona hayo yote, kisha akaikumbuka ile tarbushi, huona kwamba upande wa baraza unaomtetea una ushahidi wa kutosha.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Lakini upande wa pili nao haukosi ushahidi.

Desturi ya zamani ya Deccan ilikuwa mtu akiingia mbele ya mtawala humtolea zawadi ya heshima: sarafu ya dhahabu pamoja na rupia chache za fedha. Watawala wengi waliigusa tu kisha wakamrudishia mwenyewe. Waliomjua Nizamu huyu wameandika kuwa yeye aliichukua. Siku za sikukuu watu walipanga foleni, na fedha ikajaa mifuko. Hapo, ndugu zangu, mizani inageuka. Mtu kujinyima blanketi lake mwenyewe ni shauri lake. Lakini kuuchukua mfuko wa mtu asiyeweza kukataa si kubana matumizi.

Na zaidi ya sarafu hizo, ilikuwako ardhi. Karibu sehemu moja katika kumi ya nchi ilikuwa milki yake mwenyewe, na mapato yake yaliingia katika hazina yake binafsi. Sehemu nyingine kubwa ilikuwa mikononi mwa mabwana waliopewa ardhi na watawala, na katika vijiji vya Telangana wakulima walilazimishwa kufanya kazi bila ya ujira. Mwaka 1946 wakulima hao waliinuka, wakiongozwa na wakomunisti, na mapambano yao hayakwisha mpaka mwaka 1951. Mkulima aliyelimishwa bure hakuwa na habari ya almasi juu ya meza, wala hakunufaika kwa kuwa mtawala wake anafuma soksi.

Tena ilikuwako ile mali iliyolala. Husimuliwa kuwa magari ya mizigo yaliyojazwa vipande vya dhahabu yalisimama uani kwa King Kothi mpaka magurudumu yakazama ardhini, na kwamba panya walitafuna noti katika vyumba vya chini. Hata tukipunguza nusu ya hadithi hizo, inayobaki inatosha. Al-Jahiz wa Basra, aliyeishi karne ya tisa, aliandika kitabu kizima juu ya mabakhili, na katika kitabu hicho hakuna bakhili asiyekuwa na hoja nzuri ya ubakhili wake. Sisi tuliopita chuoni tulifundishwa tungali wadogo kwamba Mwenyezi Mungu amekataza mambo mawili kwa pamoja: mkono uliofungwa shingoni, na mkono ulionyooshwa hata mwenyewe akabaki mtupu wa kulaumiwa. Baba wa Nizamu alielekea upande mmoja. Mwana, kwa ile dhahabu ya uani, alielekea upande wa pili.

KILICHOTOWEKA NA KILICHOBAKI

Waingereza walipoondoka mwaka 1947, Nizamu hakutaka kujiunga na India wala na Pakistani. Mwezi wa Septemba 1948 majeshi ya India yaliingia Hyderabad, na kwa muda wa siku tano tu dola ya miaka 224 ikaanguka. Mauaji yaliyofuata yaliwapata Waislamu wengi. Tume iliyoongozwa na Pandit Sunderlal ilikisia waliouawa kuwa kati ya 27,000 na 40,000. Dhahabu yote ile haikumwokoa hata mmoja katika hao. Nizamu mwenyewe aliachwa akawa mkuu wa jimbo kwa heshima tangu mwaka 1950 hadi 1956, kisha akakaa kimya nyumbani akitunga mashairi yake ya Kiurdu na Kiajemi, na akiwalisha maelfu ya jamaa na watumishi waliokuwa wakimtegemea.

Siku hizo za Septemba 1948, pauni 1,007,940 za serikali yake zilizokuwa katika benki moja London zilihamishwa zikatiwa katika hesabu ya balozi wa Pakistani. Nizamu akasema hakutoa ruhusa, akazidai. Benki ikazifungia. Zikakaa humo miaka 71, zikizaa, mpaka Oktoba 2019 mahakama ya London ilipohukumu kuwa ni haki ya warithi wake na ya India, si ya Pakistani. Kufika hapo zilikuwa kiasi cha pauni milioni 35. Katika muda wote huo hazikumjengea mtu kisima wala hazikumsomesha mtoto.

Huko India kwenyewe watu wengi huamini kuwa mwaka 1965, wakati wa vita na Pakistani, Nizamu aliitolea serikali tani tano za dhahabu bure. Serikali ilipoulizwa baadaye ilijibu kwamba alichokitoa ni kilo 425, tena hakutoa sadaka, alinunua hati za dhahabu za serikali zilizokuwa na faida ya asilimia 6.5. Mimi hainishangazi. Aliyekataa blanketi la rupia 35 hakuwa mtu wa kuitoa dhahabu bila ya hesabu. Linalonishangaza ni watu kupenda kumpamba kwa sadaka ya uongo, ilhali zake za kweli zilikuwa nyingi.

Alifariki tarehe 24 Februari 1967. Umati uliofuata jeneza lake ulikuwa mkubwa ajabu, Waislamu kwa Wahindu. Hakuzikwa katika kaburi la fahari. Alilazwa karibu na mama yake, katika msikiti mdogo ulio mbele ya King Kothi.

Kisha mali ikaanza safari yake. Mrithi alikuwa mjukuu wake Mukarram Jah, ambaye alirithi pamoja na hazina maelfu ya watumishi, madeni, na kesi za jamaa. Alihamia Australia akafuga kondoo, mali ikamponyoka kidogo kidogo, na mwisho akakaa Uturuki, ambako alifariki mwezi wa Januari 2023. Vito vya nasaba, vipande 173 pamoja na ile almasi ya Jacob, vilinunuliwa na serikali ya India mwaka 1995 kwa rupia bilioni 2.18 hivi. Vinawekwa katika chumba cha benki kuu, na huonyeshwa watu mara chache. Almasi iliyotoka kiatuni ikakaa mezani, sasa imerudi gizani.

Lakini Osman Sagar lipo. Chuo Kikuu cha Osmania kipo, ingawa baada ya 1948 kiliacha Kiurdu kikashika Kiingereza. Jengo la zamani la hospitali lilichakaa hata wagonjwa wakahamishwa humo mwaka 2020, lakini kazi na jina la hospitali vimeendelea. Na wakfu wa sadaka aliouanzisha mwaka 1954 ungali ukiitwa kwa jina lake.

Hesabu yangu basi ni hii. Mtu mwenye mali akinunua cha bei ndogo, akavaa nguo mpaka ikachakaa, hajafanya dhambi wala hajafanya wema. Bado. Amebakisha fedha tu mkononi, na wema au ubaya wake unaanza hapo fedha hiyo inapokwenda. Tarbushi ya Nizamu haikumfanya mcha Mungu, na blanketi lake halikumfanya bakhili. Rupia alizozitia katika boma la mto zimewanywesha watu maji kwa zaidi ya miaka mia, na ni haki yake kusifiwa kwa hizo. Zile alizozichukua kwa foleni za sikukuu, na zile alizozilaza uani, watu wengine wamezila, wengine wamezigombania mahakamani, na kwa hizo jibu analo yeye mbele ya Mola wake. Mwenye mali aliye hai bado ana nafasi ya kuchagua upande wa kuziweka zake.